Nyaya za ndege za kale si pambo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Makala yenu kuhusu vita vya delta ya Rufiji, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tuliisoma kwa furaha, ila maelezo yaliyowekwa chini ya picha ya ndege ya mfano yametukwaza. Yalisema nyaya za kati ya mabawa ziliachwa kwa kuwa ni pambo tu, na kwamba kwa kipimo cha 1/72, yaani ndege ya mfano iliyo ndogo mara 72 kuliko ile halisi, zisingeonekana. Kazi yenyewe ni safi, rangi imepakwa kwa mkono uliotulia. Neno "pambo" ndilo tunalolikataa, na hilo la kutoonekana pia si kweli.

Tuanze na pambo. Ndege za wakati ule zilikuwa na mabawa ya ghorofa, moja juu na moja chini, yaliyotengenezwa kwa fito za mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Bawa la namna hiyo peke yake halina nguvu ya kujibeba. Nguzo zilizosimama kati ya bawa la chini na la juu huzuia mabawa yasikaribiane, basi. Kinachozuia mabawa yasikunjike ni nyaya za chuma zilizokatiza kati ya nguzo. Ndege ikiwa angani, upepo huyasukuma mabawa juu, na nyaya zinazotoka chini karibu na kiwiliwili kupanda nje kuelekea bawa la juu ndizo huyavuta yasipinduke. Hizo ni nyaya za kupaa. Ndege ikiwa chini, uzito wa mabawa huyalaza, na hapo kazi huchukuliwa na nyaya za kutua, zinazotoka juu karibu na kiwiliwili kushuka nje kuelekea bawa la chini. Mtu wa pwani ataelewa upesi: jahazi lenye mlingoti uliosimama, foromali na tanga, lakini halina henza wala demani, kamba za kulipandisha na kulishika tanga, huwezi kusema limekosa urembo. Limekosa kinacholifanya liende.

Kwa ndege za Rufiji jambo hili ni zito zaidi. Baada ya manowari ya Kijerumani Königsberg kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta, na ikabidi itafutwe kwa ndege. Kufikia Juni 1915 kisiwa cha Mafia kilikuwa na ndege za Waingereza za aina ya Henri Farman na Caudron G.III. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walikuwa ndani ya Henri Farman, wakizielekeza kwa ishara za redio meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zilizokuwa zikiipiga Königsberg, mpaka ndege yao ikapigwa na kuanguka majini. Farman ile haina kiwiliwili kirefu. Mkia wake umeshikiliwa nyuma na fito nne na msitu wa nyaya. Caudron nayo hugeuka kwa kupindwa mabawa yenyewe: rubani akisogeza usukani, waya huvuta ukingo wa nyuma wa bawa. Ukiziondoa nyaya za Caudron umeondoa usukani wake.

Sasa la kuonekana. Waya wa unene wa milimita 6, ukiugawa kwa 72, unabaki milimita 0.08. Huo ni unene wa unywele wa mtu. Nani asiyeuona unywele mweusi kwenye shati jeupe? Na mabawa ya ndege hizi mara nyingi ni ya rangi ya maziwa, kwa hiyo waya huonekana vizuri sana. Kosa la kawaida ni kinyume chake: kufunga uzi wa milimita 0.2, ambao kwa ndege halisi ungekuwa waya wa milimita 14, mnene kuliko kidole cha mtoto. Anayefanya hivyo hukata tamaa akidhani nyaya zimeharibu kazi, kumbe ni unene.

Kwa anayetaka kujaribu tunapendekeza BE2c ya Waingereza, kwa sababu mbili. Kwanza ina uhusiano wa kweli na kwetu: kikosi cha 26, chenye marubani wa Afrika Kusini, kiliirusha kutoka Mbuyuni nchini Kenya mwaka 1916. Pili, vipande vyake vinauzwa tayari kwenye boksi, kampuni ya Airfix ikiwa na ya 1/72 na kampuni ya Roden ya 1/48. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.3 hivi, kwa hiyo ya 1/72 ina milimita 157 kutoka ncha hadi ncha. Inakaa kwenye kiganja kilichokunjuliwa.

Kabla ya kukata kipande chochote, chora. Chukua karatasi, chora ndege kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, kisha pitisha nyaya kwa penseli za rangi: nyekundu za kupaa, bluu za kutua, kijani zinazokatiza kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma, nyeusi za usukani. Ndege yenye jozi mbili za nguzo kila upande ina mistari minne ya kupaa, minne ya kutua na minne ya kukatiza kwa kila upande. Hiyo ni 24 kwa pande zote. Pale ambapo nyaya za kupaa zilifungwa mbilimbili, jambo lililokuwa la kawaida kwa Waingereza, ongeza 8. Bado hujagusa magurudumu, nguzo za juu ya kiwiliwili na nyaya za mkia. Karatasi isiyo na namba kwenye kila tundu itakuangusha kwenye waya wa kumi hivi, ambapo macho huanza kuchoka na mistari yote hufanana.

Matundu hutobolewa mapema, vipande vikiwa bado vimelala mezani na havijapakwa rangi. Keekee ya milimita 0.3 inatosha kwa 1/72, na ya 0.4 kwa 1/48, ikizungushwa kwa vidole, kamwe si kwa mashine, maana joto la mashine huyeyusha plastiki na kukata keekee. Anza kwa kuweka alama na ncha ya sindano ili keekee isiteleze. Muhimu kuliko yote ni mwelekeo: tundu lilale kuufuata waya unakokwenda. Ukitoboa wima, waya utatoka wima kisha ukunjike penye mdomo wa tundu, na kila atakayeitazama ndege kwa mbele ataona kona ndogo ambayo hakuna gundi itakayoificha. Bawa la chini litoboe kina cha milimita 0.8 hivi bila kutokeza. La juu unaweza kulitoboa likatokeza, ukavuta uzi kutoka juu, ukagandisha, ukakata, ukasawazisha kwa msasa laini na kurudishia rangi. Kazi inaongezeka ila mvuto wa uzi unakuwa mkononi mwako.

Rangi, stika za maji na vanishi vyote vimalizike kabla ya mabawa kuungana. Rangi hupenda kuziba matundu, kwa hiyo yapitie tena kwa sindano ikiwa mbichi nusu. Ikikauka kabisa, sindano hubandua rangi ya pembeni.

Kuunganisha bawa la juu ndiko wengi huharibu. Tengeneza kalibu ya kadibodi ngumu inayoshika bawa la chini kwa mwinuko wake na kulizuia la juu lisiyumbe. Gandisha nguzo za katikati kwanza, acha saa 24, halafu zile za nje. Kabla gundi haijashika kabisa, pima kutoka ncha ya kila bawa hadi mezani, na kutoka ncha ya kila bawa hadi mwisho wa mkia. Tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi nusu milimita. Bawa likiwa limepinda hapa, nyaya hazitaficha. Zitaonyesha, kwa kuwa mistari iliyonyooka ni rula ya kupimia kila kilichokwenda upande.

Uzi upi? Kila mmoja ana tabia yake na hatuna budi kuzisema, maana hapa ndipo pesa hupotea. Uzi wa mpira uliotengenezwa kwa kazi hii, kama EZ Line, hunyooka wenyewe na kurudi ukiguswa na kidole, haupindi mabawa, na kwa anayeanza hauna mpinzani. Uvute kidogo tu, sehemu moja ya kumi ya urefu wake au pungufu. Ukiuvuta sana huwa mwembamba katikati, na mvuto wa nyaya nyingi kwa pamoja huweza kung'oa nguzo nyembamba. Jua la dirishani huuchosha kwa muda, basi ndege isikae huko. Mshipi wa nailoni wa kuvulia ndio wa bei nafuu, lakini ule wa wavuvi ni mnene mno. Tafuta wa milimita 0.08 hadi 0.12, au uzi wa nailoni usioonekana wanaoutumia mafundi cherehani. Faida yake ni kwamba ndege inakuwa ngumu kweli, kama ya asili: mabawa hushikana hata ukiitikisa. Hasara yake ni kwamba mshipi ukivutwa kwa nguvu upande mmoja utapinda ndege nzima. Kwa hiyo funga kushoto mmoja, kulia mmoja, na kwa kila mmoja ning'iniza kibanio kimoja cha nguo mwishoni mwa uzi wakati gundi inashika. Uzito ni uleule, mvuto ni uleule.

Kuna jambo la nailoni linalohusu sana watu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Nailoni hunywa unyevu na kurefuka. Ndege iliyofungwa kwa mshipi wakati wa kiangazi inaweza kulegea masika. Dawa yake iko nyumbani: kijiti cha udi. Kiwashe, kiache kitoe kaa jekundu, kipitishe sentimita moja chini ya uzi, bila kusimama, kwa sekunde moja. Uzi hujikaza mbele ya macho yako. Ukikisimamisha au kukigusisha, umekatika. Na usithubutu kufanya hivyo kwa uzi wa mpira.

Asiyeweza kuagiza chochote ana njia ya zamani isiyogharimu kitu: zile fito za plastiki zinazoshikilia vipande kwenye boksi. Shika fito kwa mikono miwili sentimita tatu juu ya mwali wa mshumaa, izungushe polepole mpaka ianze kung'aa na kulegea, itoe kwenye moto, hesabu moja, kisha vuta. Ukivuta haraka utapata uzi mwembamba, polepole utapata mnene. Vipande vilivyonyooka vipimwe kwa bikari, vikatwe, na vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao bila hata tundu. Huvunjika ukivigusa, ndiyo maana hatuvitumii kwenye ndege za watoto, lakini kwa 1/72 huonekana vizuri ajabu.

Mpangilio wa kufunga ni kutoka ndani kwenda nje. Nyaya za nguzo za katikati na zile za kukatiza kwanza, halafu za kutua, halafu za kupaa, na za usukani mwisho kabisa. Sababu ni vidole: ukifunga za kupaa mapema, umejifungia ukuta mbele ya zile za ndani, na kibano hakitapita tena.

Tuuangalie waya mmoja kwa karibu. Chukua sindano ya kushonea, sugua juu ya tundu lake kwa msasa mpaka tundu lifunguke na kubaki uma wa meno mawili. Dondosha tone la supaglu kwenye kipande cha karatasi ya fedha ya jikoni, chovya uma, toka na tone dogo lililonasa kati ya meno. Ncha ya uzi iguse tone hilo, si tundu, halafu ingiza ncha ndani ya tundu kwa kibano na uishike ukihesabu hadi kumi na tano. Acha dakika tano. Upande wa pili pima uzi ukiwa umelala juu ya tundu lake, kata pungufu kidogo kama ni wa mpira, ingiza vilevile. Gundi ikizidi utaiona imekaa kama kipira penye mdomo wa tundu. Kipira cha nusu milimita kwa 1/72 ni sawa na donge la milimita 36 kwenye ndege halisi, kubwa kuliko yai la njiwa, na hakuna fundi wa 1916 aliyeacha donge hilo hapo.

Supaglu hugandishwa na unyevu wa hewa, hivyo pwani hushika haraka kuliko maelekezo ya chupa yanavyosema. Unyevu huohuo huleta ukungu mweupe kuzunguka tundu: mvuke wa gundi hutoka, hukutana na unyevu, hutua juu ya rangi. Hutokea zaidi gundi ikiwa nyingi na chumba kikiwa hakipitishi hewa. Tumia kidogo, washa feni kwa mwendo wa chini ikielekea pembeni, na ukungu ukishatokea usikwangue. Vanishi nyembamba kwa brashi huufuta. Chupa iliyofunguliwa ihifadhiwe kwenye kopo lililofungwa barabara pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukiiweka kwenye friji, iache ipoteze baridi kabla ya kuifungua, la sivyo jasho litaingia ndani na chupa nzima itaganda.

Rangi ya waya isiwe nyeusi tii wala ya fedha inayometa. Kijivu cha chuma kilichokolea ndicho hukaa vizuri machoni. Mshipi mweupe hupakwa kwa kalamu ya wino usiofutika kabla ya kufungwa, ukiuvuta katikati ya ncha ya kalamu na kipande cha sponji. Kwa ndege za Waingereza za miaka ya mwisho ya vita kuna jambo la ziada: nyaya zao nyingi zilikuwa bapa, zimechongwa ili zikate upepo, tofauti na za Wajerumani zilizokuwa za mviringo, zimesokotwa na kuwekewa vikazio vya skrubu. Kwa 1/72 tofauti hiyo iache. Kwa 1/32 ni lazima ionekane, na vikazio vinauzwa vya chuma, vidogo kuliko punje ya mtama.

Na pale nyaya mbili zinapokatizana katikati ya nguzo, ndege nyingi za Waingereza ziliwekewa kijipande cha mbao ili zisisuguane. Tone la gundi nyeupe likikauka, likapakwa rangi ya mbao, linatosha. Ni dogo mno, lakini wanaoijua ndege hiyo hulitafuta kwanza.

Ombi letu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapa tena picha ya ndege ya namna hii, aliyeiunda aulizwe nyaya zake, na mpiga picha wenu asitumie mwanga wa mbele. Mwanga wa mbele hufuta nyaya zote. Aweke taa moja upande wa kushoto, chini kidogo, na nyuma ya ndege aweke kitambaa cha rangi ya kijivu kilichokolea. Apige akiwa usawa wa mabawa, si kutoka juu. Nyaya zitashika mwanga mmoja baada ya mwingine, na msomaji ataona mwenyewe mabawa yale yalikuwa yameshikwa na nini juu ya maji ya Rufiji.

Wasomaji wenu, waunda ndege za mfano,
Dar es Salaam